Pedali kwanza, taa baadaye: kupima breki laini kwenye Land Cruiser, Prado na Hilux za zamani

Gari la porini likizeekea Dar es Salaam, breki zake huliwa pande mbili. Chumvi ya upepo wa bahari hula mabomba na soketi za nyaya, hasa gari likiwa linalala Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach. Unyevu wa pwani nao huingia polepole kwenye mafuta ya breki, hata kama gari limeegeshwa tu uani. Ongeza foleni ya Morogoro Road, madimbwi ya masika na safari ya Iringa ya hapa na pale, ndipo unapofika kwa fundi na malalamiko ambayo kila gereji inayajua: pedali imekuwa laini, taa nyekundu inawaka, taa ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge) haizimiki.

Kinachofuata mara nyingi ni kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali), kuifunga, kutoa upepo (hewa iliyonaswa ndani ya mafuta), kulipa, na wiki inayofuata kurudi na pedali ileile. Spea imenunuliwa kabla gari halijapimwa. Vipimo vinavyofuata hapa havihitaji mashine, na vingi unaweza kuvifanya mwenyewe uani kwako ndani ya saa moja. Nasisitiza mpangilio wake. Mguu wako uanze, taa zifuate, kwa sababu taa za breki kwenye magari haya hutazama mambo machache mno: kimo cha mafuta kwenye chupa, handibreki, mfumo wa ABS, na kwa baadhi ya dizeli nguvu ya vakyumu (ombwe linalousaidia mguu kubana breki). Hakuna taa inayojua kwamba kuna upepo kwenye bomba la nyuma.

Kwanza, je, gari liondoke au lisiondoke?

Pedali ikifika sakafuni, au ikishuka taratibu wakati umesimama kwenye mataa huku umeikanyaga, usiliendeshe gari hilo hata kwa kwenda gereji ya mtaa wa pili. Ita fundi aje au ita bredauni. Vivyo hivyo ukiona taa nyekundu na taa ya ABS zimewaka pamoja huku pedali imebadilika. Taa ya ABS peke yake, pedali ikiwa imara kama kawaida, maana yake breki za kawaida bado zipo na umekosa msaada wa kuzuia matairi yasijifunge. Endesha kwa utulivu na ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, hasa kwenye lami iliyolowa.

Ikikukuta barabarani, pampu pedali harakaharaka, punguza gia hatua kwa hatua (kwa otomatiki shusha hadi 2 kisha L), na handibreki uivute kidogo kidogo ukiwa umeshika kitufe chake. Ukiivuta kwa mkupuo, matairi ya nyuma hujifunga na gari likaenda mbavu.

Vipimo vya mguu

Egesha mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, zima injini.

Kanyaga pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu. Hapo umemaliza vakyumu iliyobaki kwenye busta, chombo kinachoongeza nguvu ya mguu, na sasa mguu wako unazungumza na masta silinda moja kwa moja. Ikanyage kwa nguvu ya kawaida na uishikilie kwa dakika moja hivi. Ikibaki palepale, masta silinda na mabomba vinashika. Ikizama polepole, mafuta yanakwenda mahali: ama yanavuja nje, ama yanapita pembeni ya raba za ndani za masta silinda na kurudi kwenye chupa bila kudondoka hata tone. Tofauti ya hayo mawili utaijua kwa kutazama kimo cha chupa. Pedali inazama lakini chupa haipungui na hakuna unyevu popote? Hapo ndipo masta silinda inapostahili lawama.

Bado mguu uko kwenye pedali, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta haipati vakyumu: angalia mpira unaotoka injini kwenda busta, valvu ndogo ya njia moja iliyo kwenye mpira huo, kisha busta yenyewe. Lakini kumbuka kwamba busta iliyokufa hufanya pedali iwe ngumu kama ukuta. Haifanyi pedali iwe laini. Mtu akikuambia pedali yako laini inataka busta mpya, mwombe akufanyie kipimo hiki mbele yako kwanza.

Wengi pia hushtuka kwamba pedali inaingia ndani zaidi injini ikiwa inaunguruma kuliko ikiwa imezimwa. Hiyo ni kawaida. Busta inasaidia mguu wako kubana. Linganisha injini ikiwa inaunguruma leo na injini ikiwa inaunguruma mwezi ujao. Tumia rula: pima umbali kati ya pedali iliyokanyagwa na sakafu, andika mahali. Namba hiyo itakufaa kuliko kumbukumbu.

Kipimo cha tatu ndicho kinachotenganisha magonjwa yanayofanana. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga mara moja, achia, kanyaga tena upesi. Pedali ikiwa juu zaidi na imara mara ya pili, kuna mambo mawili: upepo kwenye mfumo, au nafasi kubwa kati ya breki na kinachobanwa. Upepo huipa pedali hisia ya sponji, inabonyea na kurudi. Nafasi kubwa huipa pedali safari ndefu tupu, halafu inashika vizuri ikiwa chini.

Safari ndefu tupu: dramu na beringi

Kwa magari yenye dramu nyuma, kama Hilux na Land Cruiser nyingi za mkonga (zenye bomba la hewa lililoinuka kama mkonga wa tembo) za zamani, kuna ujanja rahisi. Vuta handibreki meno machache, kisha kanyaga pedali. Ikipanda na kuwa imara ghafla, tatizo lako liko kwenye dramu: breki shuu zimeisha au kirekebishaji cha ndani kimeganda kwa tope na kutu. Hakuna upepo wa kutoa hapo. Fungua dramu, safisha, paka grisi ya joto kidogo kwenye nyuzi za kirekebishaji, kisha kaza mpaka shuu ziguse kidogo tu tairi likizungushwa. Lile vumbi la ndani usilipulizie hewa ya kompresa. Breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni. Limwagie maji na ulifute kwa kitambaa kilicholowa.

Kwenye magurudumu ya mbele yenye diski, mkosaji wa aina hiyo ni beringi iliyolegea, na kwa gari linalopita mashimo hili ni jambo la kila siku. Gurudumu likicheza, diski hugonga pedi na kuzisukuma ndani ya kalipa, chombo kinachozibana. Ukikanyaga, safari ya kwanza ya pedali inaishia kuzirudisha. Dalili ni kwamba pedali ni nzuri kwenye lami nyoofu na mbaya mara tu baada ya kona au barabara ya mashimo. Inua tairi kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ulitikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, kwa Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, ni beringi za kingipini, pale gurudumu linapogeukia.

Mafuta yanakwenda wapi

Kama chupa inapungua, usiongeze tu ukaendelea na safari. Pedi zikiisha kidogo kidogo mafuta hushuka kwa kawaida, kwa kuwa pistoni za kalipa zimetoka nje na nafasi yake imejazwa. Kwa hiyo tazama kwanza unene wa pedi. Pedi zikiwa bado nene na chupa inapungua, pana uvujaji, na lazima upatikane.

Zunguka gari na tochi. Tazama upande wa ndani wa kila tairi; mstari wa unyevu unaoshuka kutoka kwenye dramu ni silinda ya gurudumu. Vua kofia ya raba ya silinda hiyo: ndani panapaswa kuwa pakavu. Fuata mabomba ya chuma juu ya ekseli ya nyuma na ndani ya chesisi, mahali tope linapokaa wiki nzima, na uyakwangue kwa ukucha pale palipovimba kutu. Bomba linaloonekana limevaa magamba libadilishwe lote, hata kama leo halivuji. Litapasuka siku utakapokanyaga kwa nguvu zote.

Uvujaji unaowachanganya watu ni ule wa nyuma ya masta silinda. Raba ya mwisho ikichoka, mafuta huingia ndani ya busta, wala huoni tone chini. Legeza nati zinazoshika masta silinda, ivute mbele kidogo bila kukunja mabomba, uchungulie. Pakiwa pamelowa, masta silinda imekwisha na busta inabidi ikaushwe, kwa sababu mafuta ya breki huharibu mpira mkubwa wa ndani. Mafuta hayo yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja, yanababua rangi.

Kubana hozi: kipimo kinachookoa pesa

Hiki ndicho kipimo ninachotaka kila mwenye gari la zamani akijue kwa jina na kwa kazi. Magari mengi haya yana hozi za raba tatu: moja kila gurudumu la mbele, na moja katikati kwenda ekseli ya nyuma. Kwa kibanio maalumu cha hozi, chenye meno laini ya mviringo, unabana hozi zote tatu kisha unakanyaga.

Pedali ikiwa juu na ngumu kama jiwe, masta silinda ni nzima na tatizo liko baada ya vibanio, upande wa magurudumu. Achia kimoja, kanyaga. Achia kingine, kanyaga. Hozi ambayo ukiiachia pedali inalainika ndiyo inayokupeleka kwenye ugonjwa: kama ni ya nyuma, nenda kwenye dramu, valvu ya mzigo (nitaieleza chini) na silinda za nyuma, kama ni ya mbele kushoto, huna sababu ya kugusa kulia. Pedali ikibaki laini hata hozi zote zikiwa zimebanwa, rudi kwenye masta silinda au kwenye kitengo cha ABS kilicho kati yake na hozi.

Usikubali mtu abane hozi kwa plaizi ya kawaida. Hozi itachanika ndani, na wewe utaondoka na tatizo ambalo hukuja nalo. Zile zilizofunikwa kwa waya wa chuma hazibanwi kabisa. Na hozi ya zamani iliyovimba inaweza yenyewe kuwa ndiyo ulaini unaoutafuta: mwenzako akikanyaga, ishike mkononi, ikituna kama mshipa, badilisha zote pamoja. Gari lililoinuliwa sapensheni liangaliwe kama hozi bado zina urefu wa kutosha ekseli ikining'inia.

Ukifika gereji sema wazi: "Fundi, naomba tubane hozi kwanza kabla ya kufungua masta." Fundi mzuri hatachukia. Akijibu, "Bosi, hiyo masta imekufa, mimi nimeshajua," mwombe akuoneshe pedali ikizama bila chupa kupungua. Kazi ya dakika kumi inaweza kukuepusha na spea ya bei kubwa.

Mafuta yenyewe, na kwa nini Kitonga huyafichua

Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 hunywa maji kutoka hewani, na hewa ya Dar ina maji ya kutosha. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Ukishuka mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa, umebeba mzigo, mguu ukiwa kwenye breki muda wote, kalipa hupata joto la kuchemsha mafuta ya namna hiyo. Mvuke hubonyezwa, mafuta hayabonyezwi, na pedali inaenda chini.

Ubaya ni kwamba gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa imara. Unafika kwa fundi, anakanyaga, anakuambia breki nzima. Kwa hiyo ulaini unaokuja na joto tu, tena ukaisha gari likisimama, usiutafutie masta silinda. Badilisha mafuta yote, na kila miaka miwili uyabadilishe tena. Mteremko ushukwe kwa gia, breki iguswe na kuachiwa.

Nunua chupa iliyofungwa. Ile iliyokwisha kufunguliwa dukani ukapimiwa kidogo imeanza kunywa unyevu siku ilipofunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizi, DOT 5.1 ni jamaa ya DOT 4 na inachanganyika nayo.

Na kama hujui aliyekuwa na gari kabla yako aliweka nini, chukua tone kutoka kwenye chupa ulitie kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki yatayeyuka ndani ya maji. Yakielea juu kwa mduara, mtu ametia mafuta ya injini au ya giaboksi, na raba zote za mfumo, kuanzia ya kifuniko cha chupa hadi za silinda za nyuma, zimevimba au zitavimba. Hapo hakuna kuosha tu. Raba na hozi zote zinabadilishwa, mabomba yanasafishwa, ndipo unaanza upya.

Kutoa upepo ipasavyo

Watu wawili, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa yenye mafuta kidogo chini ili mpira uzame, na lita moja ya mafuta mapya, ambayo hutosha magari mengi. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari lenye usukani kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate.

Mmoja yuko kwenye pedali, mwingine chini. "Kanyaga." "Nimekanyaga, nimeshika." Wa chini anafungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa au silinda ya gurudumu), upepo unatoka, anafunga. "Achia." Pedali isiachiwe kabla nipo haijafungwa, maana itavuta hewa ndani. Na chupa ya juu isiruhusiwe kukauka, ama mtaanza upya.

Weka kipande cha mbao chini ya pedali isiguse sakafu. Kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ya mwisho ya tundu lake haijapitiwa na raba kwa miaka na imejaa kutu laini. Ukiikanyaga hadi mwisho raba zinakwanguliwa hapo. Ndiyo sababu masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi hufa jioni ya siku ya kutoa upepo.

Halafu valvu ya mzigo. Land Cruiser, Prado na Hilux nyingi zina valvu iliyofungwa kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono unaoshika ekseli. Mzigo ukiongezeka, chesisi inashuka, mkono unasogea, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Nyingi zina nipo yake, nayo husahauliwa. Upepo ukikaa humo, utatoa upepo kwenye magurudumu yote manne na pedali isiimarike. Itoe upepo mwishoni. Tena usitoe upepo wa nyuma gari likiwa limeinuliwa kwa chesisi na ekseli inaning'inia, kwa sababu valvu itadhani gari ni tupu na kubana njia. Weka stendi chini ya ekseli. Aliyeinua sapensheni bila kurekebisha mkono huo anaendesha gari ambalo siku zote linadhani halina mzigo, na breki za mbele zinafanya kazi ya nyuma.

Jambo moja kwa wanaofunga kalipa za mtumba: nipo lazima iwe juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipo inakuwa chini, na upepo unaopanda juu hautatoka hata mkikanyaga hadi usiku.

Sasa taa

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya breki na ya ABS zinapaswa kuwaka, kisha ya ABS izimike baada ya sekunde chache. Kama haiwaki kabisa, usifurahi. Inawezekana balbu imeungua, au mtu aliitoa ili gari liuzike.

Taa nyekundu isiyozimika ina njia fupi ya kuuliziwa. Hakikisha mafuta yamefika alama ya juu, handibreki iko chini. Chomoa soketi iliyo kwenye chupa ya mafuta. Taa ikizimika, tatizo ni kimo au boya. Boya la zamani hunywa mafuta likazama, na taa inabaki ikiwaka chupa ikiwa imejaa. Ikiendelea kuwaka, rudisha soketi na uchomoe waya wa swichi ya handibreki. Boya na swichi hiyo ndizo chanzo cha taa nyingi za aina hii. Taa inayowaka tu ukikata kona au ukifunga breki ni mafuta yaliyo karibu na alama ya chini, yanayoyumba.

Hilux za dizeli za injini za 2L na 3L zinahitaji uangalifu wa peke yake. Pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, taa ya chaji inawaka na dakika chache baadaye pedali inakuwa ngumu kwa sababu busta imeishiwa. Dereva anayedhani taa ya betri ni jambo la kusubiri hadi nyumbani atagundua kwenye mteremko kwamba ilikuwa taa ya breki pia.

Kwa taa ya ABS, angalia inawaka lini. Ikiwaka unapofungua swichi na isizimike kabisa, tafuta fyuzi, relei, waya uliokatika, au umeme mdogo: betri iliyotulia iwe karibu na volti 12.6, na injini ikiunguruma upate kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikizimika kwanza na kuwaka mara gari linapoanza kwenda, shuku sensa za magurudumu. Na ukihisi pedali inatetemeka na kuunguruma unapokaribia kusimama taratibu kwenye lami kavu, sensa moja inatoa ishara dhaifu, kwa hiyo kompyuta inadhani tairi limejifunga. Mara nyingi ni vumbi la chuma lililoganda kwenye ncha ya sensa, pete ya meno iliyopasuka, au beringi iliyolegea ile tuliyoipima juu. Safisha kabla ya kununua. Sensa za zamani za nyaya mbili pimwa kwa multimita. Aghalabu utapata kati ya oumu 600 na 2,500, ila cha kutazama hasa ni kushoto na kulia kufanana.

Mwenye Land Cruiser ya toleo la 80 yenye ABS aangalie kwanza kitufe cha difu ya katikati. Ikifungwa, ABS inazimwa makusudi na taa yake inawaka. Ukitoka kwenye tope la Mkuranga ukasahau kuifungua, hakuna kilichoharibika.

Toyota nyingi za zamani zinasoma makosa yake zenyewe bila mashine. Kwenye kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha TC na E1 kwa kipande cha waya. Kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, ni namba 13 na namba 4. Baadhi ya matoleo yana kipini kifupi cha kuchomoa kwanza kati ya WA na WB. Swichi iwe imezimwa unapounganisha, na ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu, kwa hiyo hesabu mara mbili. Fungua swichi, hesabu mimweko ya taa ya ABS: tarakimu ya kwanza, kituo kifupi, tarakimu ya pili. Kwa kawaida 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto, na 41 ni umeme mdogo. Ikimweka sawasawa bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Magari mawili yako nje ya mpangilio huu. Land Cruiser ya toleo la 100 yenye busta ya pampu ya umeme: ukifungua swichi utasikia pampu ikivuma kisha ikanyamaza. Ikivuma bila kukoma au kengele ikilia, simamisha gari na usiliendeshe, kwa kuwa nguvu ya breki inatoka hapo. Kimo cha mafuta yake husomwa baada ya kukanyaga pedali mara 40 swichi ikiwa imezimwa. Ukijaza kabla ya hapo, yatafurika. Land Rover Discovery ya pili, ya 1998 hadi 2004, hupenda kuwasha taa tatu pamoja: ABS, ya kuzuia tairi kuteleza, na ya kushukia milima. Ukiacha sensa na beringi za hubu, mshukiwa mkubwa ni swichi ndogo zilizo ndani ya kitengo cha ABS, ambazo zinaweza kubadilishwa bila kununua kitengo kizima.

Kujaribu

Kabla gari halijatoka getini, kanyaga pedali hadi iwe imara. Pedi zilizosukumwa nyuma wakati wa kazi zinahitaji kurudi. Kisha tafuta barabara ya mtaa isiyo na watu, Jumapili alfajiri ni saa nzuri, na ufunge breki kutoka kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Gari lisivute upande. Likivuta kushoto, breki ya kulia ndiyo haikamati, kwa hiyo anza kutazama kulia. Rudi, gusa kila rimu kwa nyuma ya mkono kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, kalipa yake haiachii. Kaza tena nipo zote kwa kipimo, vaa vikofia vyake vya raba ili chumvi isizigandishe.

Usiku huo tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, kuanzia mbele hadi nyuma. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kimo cha chupa na utazame boksi. Tone likiwepo, gurudumu au bomba lililo juu yake ndilo la kufungua leo.